Viumbe vya Mungu Tu

Juzi mtoto wa shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mbale kunijulisha kwamba nyumba yao ya mtaa wa Nabuyonga imebomolewa. Alisema kwa furaha, maana wanajenga ghorofa pale, vyumba vya kupangisha, choo ndani, maji ndani. Nikampa hongera, ningefanyaje? Kisha nikakaa kwenye kiti changu hapa Nalufenya, Jinja, chai ikapoa mbele yangu, nimejaa hasira nisiyojua nimmwagie nani. Maana nyumba ile, nilipokuwa ndani yake, niliiombea kila siku ianguke. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mjane, nimefungiwa chumba kimoja, na nje kulikuwa na vita. Sasa imeanguka kweli, na mimi bibi mzima nakaa nalilia matofali ya watu.

Mume wangu Yusufu alikufa kwa ajali ya gari kwenye njia ya Tororo, mwanzoni mwa mwaka ule ule ambao askari wa Tanzania waliingia nchini kumtoa mkubwa wetu. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka wa ndoa. Kwetu Waislamu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba aliyoishi na marehemu. Hapaki wanja, hapaki hina, hajifukizi udi, hatoki ila kwa shida kubwa, na mwanamume asiye wa kwake haingii alipo. Mama mkwe wangu, Hajati Mariamu, alikuwa mwanamke wa kusimamia jambo mpaka likamilike. Alinipa chumba cha nyuma chenye kitanda cha chuma, mkeka, ndoo, na dirisha la nondo lililotazama mfenesi wa uani, na juu ya mfenesi ukuta wa mlima wa Wanale. Siku ya kwanza nililia. Siku zilizofuata nilihesabu nondo za dirisha, nikazijua hata kutu zake. Wajane wengine hupata wageni, hupata porojo za jirani, eda ikasogea. Mimi wageni wangu walikuwa wanakimbia.

Walikimbia kwa sababu vita vilikuwa vinakuja upande wetu. Jeshi lililoshindwa huko magharibi lilikuwa linarudi nyuma kwa barabara ya Jinja, na Mbale iko mbele yake, na kila gari, kila gunia, kila mtu mwenye nguvu alikuwa mali yao. Majirani walifunga mafurushi, wakapanda Wanale kwa jamaa zao. Nilisikia milango ikipigwa makomeo mmoja baada ya mwingine mpaka mtaa ukanyamaza. Nikamwomba Hajati twende na sisi. Akasema eda inakaliwa nyumbani. Nikamwambia tutakufa. Akasema basi tutakufia nyumbani, akaenda kuchambua mchele. Nilimchukia siku ile, sisemi uongo, nilimchukia mpaka meno yakauma. Baadaye masheikh wameniambia kwamba mjane akihofia maisha yake anaruhusiwa kuhama, na nadhani Hajati alilijua hilo. Lakini mwanawe alikufa barabarani, na yeye hakutaka kuitia mguu barabara yoyote tena. Hilo nimelielewa nikiwa na umri wake.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile. Wa tatu alikuwa dereva wa lori, Mkenya, Mtaita wa Voi, jina lake Mwadime. Alikuwa ameleta chumvi aliyoagiza Yusufu kwa ajili ya duka, hajui kama Yusufu yuko kaburini. Alipofika, akakuta matanga. Alipotaka kurudi, akakuta mpaka umefungwa na vizuizi vya askari kila baada ya kona. Lori lake liliegeshwa kwenye ghala karibu na reli. Lilikuwa na ugonjwa wake wa kuwaka, ugonjwa ambao yeye peke yake ndiye aliyeujua, na ugonjwa huo ndio uliotutia matatani. Askari walilitaka lori liwapeleke kaskazini. Lori lilikataa kuwaka. Wakaanza kuuliza dereva yuko wapi. Madereva wawili waliochukuliwa kabla yake hawakurudi, na hakuna aliyetarajia warudi. Hajati akamfungia stoo, chumba kilichopakana na changu, katikati ya magunia ya chumvi na mafungu ya malewa.

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlima Masaba, yanakaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa meusi, ndipo yanapikwa na karanga za kusaga. Mbale bila malewa si Mbale. Mtu akilala karibu nayo moshi ule unamwingia kifuani, na Mwadime alipata kikohozi ambacho hakikumwacha. Nilikisikia kwa sababu ukuta kati yetu haukufika juu. Nyumba haikuwa na dari. Kuta zilikomea usawa wa kichwa cha mtu mrefu, juu yake ni hewa na mabati. Hata kugeuka kwake kwenye magunia nilikusikia.

Aliyeanzisha mazungumzo ni ndege. Siku hizo takataka hazikuzolewa mjini, na kaloli walikuwa wamejaa mfenesini, wale madege marefu wenye upara na mfuko shingoni, wanasimama kama wazee wamekuja kudai. Asubuhi moja walianza kugongesha midomo yao, na sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta ikiuliza ni kitu gani hicho, mbao au mifupa. Nikajibu kabla sijafikiri: kaloli. Akauliza kaloli ni nini. Nikamweleza. Akasema kwao wako pia, wanafuata mizoga porini huko Tsavo, lakini hajawahi kuwasikia wakikaa mjini kama watu wenye plot zao. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Na hapo hapo nikaona pindo la kanga ya Hajati chini ya pazia la mlango wangu.

Nikajua nimekwisha. Mjane wa eda anacheka na mwanamume! Hajati aliingia, akaniangalia, akauangalia ukuta. Kisha akakunja mguu mkekani na kusema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili:

"Ongeeni habari za viumbe vya Mungu. Wanyama, ndege, samaki, na majina yao. Viumbe vya Mungu tu. Mengine hapana. Na mimi nitakuwa hapa."

Basi ikawa hivyo. Kila siku baada ya adhuhuri Hajati aliketi kati yetu na ungo wake, akichambua maharage au akiparua malewa, na sisi tuliongea habari za viumbe vya Mungu. Mwadime alituletea ndovu wa Voi wanaovamia mashamba ya mahindi, na akina mama wanaowafukuza kwa kupiga madebe. Alituletea nyani wanaoiba mabuyu, digidigi, kanga wanaokimbia mbele ya lori badala ya kuruka pembeni, wapumbavu wale. Mimi nilimpa viboko wa Jinja, ambao tuliwaita mvubu, wanaopanda kutoka ziwani jioni na kula majani ya watu kana kwamba wao ndio walioyapanda. Nikampa popo wanaoning'inia kwenye miti ya mjini mpaka matawi yanainama, na sami, vile vidudu vya ziwa vinavyokuja kama moshi, ukifungua mdomo umeshakula. Alibisha kuhusu kiboko kutembea mjini. Mimi nilibisha kuhusu nyani. Tulibishana kweli kweli, maana hakuna kingine tulichoruhusiwa kubishania.

Na majina, jamani, majina. Ndege mmoja, mlima mmoja, na kila tukigeuka tunakuta jina jingine. Mimi nikisema njovu, yeye ndovu. Mimi nswa, yeye kumbikumbi. Samaki wadogo wa kukausha kwetu ni mukene. Akasema Kisumu ni omena, na ukishuka Mwanza ni dagaa, na samaki mwenyewe hana habari kwamba amevuka mpaka. Kutoka kwa viumbe tukapenyeza vyakula, na Hajati akajifanya hasikii. Posho yetu aliiita ugali. Kwao posho ni unga anaopimiwa kibarua, na alicheka kwamba Uganda nzima inakula mshahara wa kibarua. Sigiri aliiita jiko. Alitamani kimanga cha kwao, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, akakieleza mpaka mate yakatujaa, na Hajati akauliza kinatiwa chumvi kiasi gani. Kwetu wakati huo Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Ukigongewa mlango kwa Kiswahili ulijua umeingiliwa. Mwadime ndiye aliyenionyesha kwamba kuna Kiswahili cha kuulizia habari za kuku na mvua, na hiki ninachoandikia leo, sehemu kubwa nilikiokota chini ya ukuta ule.

Siku moja Hajati mwenyewe alichangia. Alisema kwenye mlima Masaba, upande wa Kenya, kuna mapango ambayo ndovu wanaingia gizani, wanatangulia wakubwa, wanakwangua ukuta kwa meno kutafuta chumvi. Mwadime akasema, Mama, kwa heshima yako, ndovu wa kwetu hata getini haingii, seuze pangoni. Hajati hakukasirika. Alisema, "Chumvi inaweza kumwingiza kiumbe mahali popote. Wewe uko wapi sasa?" Nikamsikia Mwadime akikohoa, kikohozi kirefu, na baadaye akauliza polepole, ndovu akiingia pangoni, mtoto wake anabaki wapi. Alikuwa na mtoto mchanga Voi. Sheria ilikuwa viumbe vya Mungu tu, na hakuna kati yetu aliyeuvuka mpaka ule, lakini siku hiyo wote tulijua tunamwongelea nani. Nilijifunika kanga usoni nikalia, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Walikuja mchana, baada ya mvua. Tulisikia buti kwenye kokoto, kisha lango, kisha Kiswahili kile kingine. Walikuwa wanapekua nyumba hadi nyumba wakimtafuta dereva wa lori la chumvi. Mtu aliwaambia ameonekana Nabuyonga. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Stoo ilikuwa ya kwanza, mlango wake ukitazama uani, na kufuli haiwezi kumzuia mtu mwenye bunduki. Nilisimama katikati ya chumba, mikono haina pa kwenda. Hapo nikasikia kwa ndani, kwenye kimlango cha kupitishia magunia kati ya stoo na ukumbi, komeo likivutwa. Hajati alikuwa amemtoa stoo. Akapita naye ukumbini, akafungua pazia langu, akamsukuma ndani.

Sijui kama ninaweza kueleza jambo lile kwa mtu asiyemjua Hajati. Mwanamke huyu hakumruhusu hata kaka yake mume wangu kusimama mlangoni pangu. Alinikatalia kukimbia vita kwa ajili ya eda ya mwanawe. Na sasa kwa mkono wake mwenyewe amemwingiza chumbani kwangu mwanamume wa kigeni, Mkristo, nywele zimejaa vumbi la malewa. Alimwambia geuka ukutani, usimwangalie. Mimi akaniambia kaa kitandani, jifunike. Kisha akashusha pazia na kwenda kufungua lango.

Waliongozwa na sajini mtu mzima, kwa sauti nilimkadiria miaka hamsini. Walivunja stoo, wakapindua magunia. Wakapita sebuleni, jikoni, chumba cha Hajati. Halafu buti zikaja mpaka kwenye pazia langu na kusimama. Nilikuwa naona ncha zake, zina matope mekundu. Mwadime alikuwa hatua moja kutoka kwangu, paji la uso limegusa ukuta. Niliona kisogo chake tu, na mshipa wa shingo ukipiga.

"Hapa nani iko?" sajini akauliza.

"Mwanamke wa eda, afande," Hajati akasema. "Mume wake ni mtoto wangu. Tumezika."

Askari mmoja kijana akasema afande, tuangalie tu haraka. Sajini akamwambia nyamaza. Akauliza tena, eda, kweli? Hajati akasema wallahi, eda. Na wallahi ile ilikuwa kweli tupu, eda ilikuwemo. Sajini akasema, "Kama ni eda, mimi hapana ingia. Mimi pia iko na mama." Ncha za buti zikarudi nyuma. Nikafikiri wanaondoka. Lahaula! Wakakaa. Mvua ilikuwa imerudi, wana njaa, na harufu ya malewa ilikuwa jikoni. Sajini akavuta kiti mpaka karibu na pazia langu na kumwomba Hajati chakula kwa adabu, kama mgeni.

Nadhani alitaka kusikia sauti yangu, ahakikishe. Akauliza kupitia pazia nimetoka wapi. Nikasema Jinja. Sauti yake ikabadilika. Alikuwa amewekwa Jinja miaka ya nyuma. Akauliza viboko bado wanapanda jioni? Nikasema bado. Akauliza popo? Nikasema wako. Akasema kwao, kaskazini mbali huko Arua, kiboko hakuna mjini, lakini msimu wa mvua wanakamata kumbikumbi kwa kugonga vijiti juu ya kichuguu, wadudu wanadhani ni mvua, wanatoka wenyewe. Akasema jina lake kwa lugha ya kwao, nami nimelisahau, Mungu anisamehe. Nilimjibu kwetu ni nswa. Akasema taratibu, nswa, nswa, kama mtu anayeonja. Aliniuliza la ndege, nikajibu. Aliniuliza la samaki, nikajibu. Sijawahi kuogopa mtu nikamhurumia kwa wakati mmoja kama siku ile. Na pembeni yangu mabega ya Mwadime yakaanza kutikisika, kwa sababu kikohozi kilikuwa kinapanda.

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mlio mdogo ukampenya, kama mbuzi aliyebanwa. Sajini akanyamaza katikati ya neno. Nami nikakohoa, lakini kikohozi cha msichana na cha dereva ni vitu viwili, na kingine kilikuwa njiani. Hajati alikuwa kwenye sigiri. Nilimsikia akisema anaongeza pilipili kidogo, kisha nikasikia zikilia juu ya makaa. Alikuwa amemwaga konzi nzima ya pilipili kavu motoni. Mwanamke yeyote aliyewahi kupika anajua kilichofuata. Nyumba nzima ilishikwa koo. Askari walikohoa, sajini alikohoa, Hajati alikohoa akiomba radhi, mimi nilikohoa machozi yakitiririka, na Mwadime, paji likiwa ukutani, alikohoa vikohozi vyote alivyokuwa amevihifadhi tangu avuke mpaka. Wote wakatoka uani mbio, wakitukana na kucheka. Walikula malewa yao chini ya mfenesi, na hawakurudi ndani. Sajini alipoondoka alinipa pole ya msiba kwa sauti kubwa kupitia dirishani. Nikasema ahsante, afande, na nilimaanisha.

Mwadime alirudi stoo kabla hata moshi haujaisha, kinyumenyume, bila kugeuza kichwa. Hajati hakusema kitu. Siku chache baadaye wakombozi kutoka Tanzania waliingia Mbale wakiimba, wakitafuta sato na dagaa ambao mtaa haukuwajua kwa majina hayo, na barabara ya Malaba ikafunguka. Mwadime aliliwasha lori lake lisilowaka na kwenda kwa mtoto wake. Aliniaga juu ya ukuta, akasema akifika Voi atawasalimia nyani. Uso wake niliuona miaka mingi baadaye, Malaba, kwenye foleni ya malori. Niliijua sauti kwanza.

Lakini mimi nilibaki, na sasa nilikuwa na kifungo cha pili juu ya kile cha kwanza. Mwanamume alikuwa ameingia. Je, eda imeharibika? Nianze upya? Wazo la kuanza upya lilinikosesha usingizi kuliko mizinga. Mji ulikuwa unarudi: nilisikia majirani wakishuka kutoka mlimani, nyundo zikipigilia milango iliyovunjwa, mtu akiuza sabuni tena kwa sauti ya kawaida. Wote wanatoka, mimi niko na nondo zangu. Sikuthubutu kuuliza. Hajati naye aliendelea kuja na ungo wake baada ya adhuhuri, akikaa mahali pale pale, sasa hakuna wa kumsimamia. Wakati mwingine aliuangalia ukuta. Mara moja aliniuliza kama digidigi ni mdogo kuliko mbuzi.

Siku yangu ilipofika aliniamsha mapema na maji ya moto yenye majani ya mrehani. Aliniogesha mwenyewe, akanivisha gomesi mpya, akanifukiza udi. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kuhusu ule mchana. Akanifunga mshipi wa gomesi, akaukaza, akasema eda yangu ni nzima. Aliyefungua mlango ni yeye, na atakayeulizwa ni yeye. Akanishika mkono akanitoa mpaka langoni, jua likanipiga machoni, nami nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau jinsi miguu inavyotumika.

Hatukulizungumza tena mpaka alipougua, miaka kadhaa baadaye, katika chumba kile kile cha nyuma. Alikitaka mwenyewe, alisema kina hewa. Nilikuja kutoka Jinja kumuuguza. Mchana mmoja kaloli walikuwa wakigongesha midomo mfenesini, naye akafumbua macho.

"Zaituni," akaniita, "naenda kuulizwa habari za ule mlango."

Nikajaribu kumtuliza, nikamwambia Mungu anajua, asijisumbue. Akanikatiza kwa kidole, kama alivyozoea. Nikamuuliza, basi utajibu nini, Mama?

"Nitasema nilikuwa na mgeni."